Homoni inayosakwa na wanaume kwa ajili ya nguvu ndiyo inayowanyima watoto

KATIKA jamii nyingi za humu nchini, nyumba ikikaa miaka miwili au mitatu bila kilio cha mtoto, macho yote humgeukia mke. Mama mkwe huanza kunong'ona, mashemeji huuliza maswali yenye miiba, naye mwanamke huyo hupelekwa kwa daktari, kwa mganga na kwa mhubiri, wakati mwingine katika juma moja. Mume hubaki nyumbani. Hapimwi, haulizwi, wala hashukiwi kwamba huenda chanzo cha ukiwa huo kimo mwilini mwake.

Hata lugha imeshiriki katika dhuluma hii. Neno 'tasa' likitamkwa, anayefikiriwa kwanza ni mwanamke. Desturi nazo zilijengwa juu ya dhana iyo hiyo. Miongoni mwa Wakamba, kwa mfano, desturi ya iweto humruhusu mwanamke asiyejaliwa mtoto kuoa mwanamke mwenzake ili amzalie watoto wa kuendeleza nyumba yake. Ni desturi yenye hekima na huruma yake, ila nayo huanza kwa kukubali kwamba aliyepungukiwa ni mke.

Sayansi inasimulia hadithi tofauti. Mnamo Aprili 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba takriban asilimia 17.5 ya watu wazima, yaani mtu mmoja kati ya kila sita, hukumbwa na tatizo la kukosa mtoto wakati fulani maishani. Nao wataalamu wa uzazi wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya wenzi wenye tatizo hilo, mwanamume ana mchango wake, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Wakati ukweli huo ungali unapuuzwa, hatari nyingine imejipenyeza mijini. Wapo vijana wanaonyanyua vyuma wakitaka vifua vipana, na wapo wanaume wa makamo wanaohisi nguvu zikiwaponyoka. Baadhi yao hugeukia testosteroni na kemikali za jamii yake, ziwe za sindano, za vidonge au za kupaka, wakiamini kwamba wanajiongezea uanaume. Wengi hawajaambiwa jambo moja la msingi: homoni hiyo ikiingizwa mwilini kutoka nje, huzima utengenezaji wa mbegu za kiume. Anayeitafuta ili awe mwanamume zaidi huenda akajikuta hawezi kuitwa baba.

Amri hutoka ubongoni

Ili kukielewa kinaya hicho, ni sharti kuanza kichwani wala si kiunoni. Ndani kabisa ya ubongo pana sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Sehemu hiyo hutoa homoni inayojulikana kwa kifupi kama GnRH, na huitoa kwa mapigo mfano wa ngoma: hupiga, ikanyamaza, kisha ikapiga tena baada ya muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili hivi. Kila pigo huiamsha tezi ya pituitari, ambayo ina ukubwa wa punje ya njegere na hukaa chini ya ubongo. Tezi hiyo nayo huachilia katika damu homoni mbili zinazoitwa LH na FSH.

LH husafiri hadi kwenye korodani na kuziamuru seli za Leydig zitengeneze testosteroni. FSH huziendea seli za Sertoli, ambazo ndizo walezi wa mbegu. Seli hizi huzizunguka mbegu changa, huzilisha, huzikinga dhidi ya kinga ya mwili yenyewe na kuzisindikiza hadi zinapopata umbo kamili. Seli hizo zilipewa majina ya wanasayansi wawili waliozieleza katika karne ya 19, Franz Leydig wa Ujerumani mnamo 1850, na Enrico Sertoli wa Italia mnamo 1865.

Mbegu haziwezi kukomaa pasipo testosteroni nyingi papo hapo zinapotengenezewa. Ndani ya korodani, kiwango cha homoni hiyo huwa kikubwa kuliko kile cha kwenye damu kwa mara makumi kadha, hata kukaribia mara 100. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Testosteroni iliyo katika damu hutosha kukuza ndevu, kuinenepesha sauti, kujenga misuli na kuamsha ashiki. Lakini haitoshi kukomaza mbegu. Kwa kazi hiyo, korodani lazima zijitengenezee homoni yake zenyewe, nazo hufanya hivyo zikipokea amri ya LH pekee.

Mwili una njia ya kujidhibiti. Testosteroni inapofika kiwango cha kutosha katika damu, ubongo huipokea habari hiyo na kupunguza mapigo yake. Seli za Sertoli nazo hutoa homoni iitwayo inhibini B, ambayo huiarifu pituitari ipunguze FSH. Mfumo huu hufanya kazi kama tangi la maji lenye boya. Maji yakipungua, boya hushuka na mfereji hufunguka. Yakijaa, boya hupanda na mfereji hufungwa. Boya halijui maji yametoka wapi. Linajua tu kwamba tangi limejaa.

Ujuzi huu haukupatikana kwa wepesi. Roger Guillemin na Andrew Schally, waliofanya kazi nchini Marekani wakishindana vikali kwa miaka mingi, walilazimika kukusanya bongo za wanyama kutoka machinjioni kwa wingi usiomithilika, mmoja akitumia za kondoo na mwenzake za nguruwe, ili kupata chembe tu za homoni walizokuwa wakizitafuta. Muundo wa GnRH ulibainika mnamo 1971, na mwaka wa 1977 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow, mwanamke aliyekuwa amebuni mbinu ya kupima homoni katika damu.

Baada ya hapo, mtafiti Ernst Knobil wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alionyesha kwa kutumia nyani kwamba siri imo katika mapigo yenyewe. Homoni hiyo ikitiririshwa bila kukoma, pituitari huchoka kusikiliza na kunyamaza. Madaktari wa saratani ya tezi dume hutumia siri iyo hiyo hadi leo. Humpa mgonjwa dawa inayofanana na GnRH mfululizo, na testosteroni yake hushuka hadi karibu kutoweka.

Safari ya miezi mitatu

Mbegu ya kiume si kitu kinachotengenezwa usiku mmoja. Tangu seli ya kwanza inapoanza kugawanyika hadi mbegu kamili yenye kichwa na mkia, hupita siku 74 hivi. Baada ya hapo, mbegu hupitia katika mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, ambamo hukaa takriban wiki mbili zikijifunza kuogelea. Jumla yake ni karibu miezi mitatu.

Muda huo una maana kubwa kwa mgonjwa na daktari. Homa kali aliyougua mwanamume Januari huenda ikaonekana katika vipimo vya Machi. Vivyo hivyo, dawa aliyoanza leo haiwezi kuhukumiwa baada ya wiki mbili. Wanaume wengi hukata tamaa mapema na kuhamia kwa muuzaji mwingine wa dawa kwa sababu hawajaelezwa hesabu hii sahili.

Joto nalo lina sheria yake. Korodani huning'inia nje ya mwili kwa sababu utengenezaji wa mbegu huhitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la kawaida la mwili. Mtoto wa kiume ambaye korodani zake hazikushuka hufaa kupelekwa hospitalini mapema, aghalabu kabla ya kutimiza umri wa mwaka mmoja na nusu, maadamu kuchelewa huweza kuharibu uwezo wake wa kuzaa atakapokuwa mtu mzima.

Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO uliotolewa 2021, kiwango cha chini kinachotumiwa kulinganisha vipimo ni mbegu milioni 16 katika kila mililita ya shahawa. Aliye chini ya kiwango hicho hajafungiwa mlango, kwani wapo wenye mbegu chache waliopata watoto. Hata hivyo, uwezekano hupungua kadiri idadi inavyopungua, na hutoweka pale ambapo hakuna mbegu hata moja.

Boya linapodanganywa

Hebu sasa itazamwe hali ya mwanamume anayedungwa testosteroni. Damu yake hujaa homoni. Misuli hunenepa, sauti hubaki nzito, hamu ya tendo la ndoa huongezeka, na kioo humwonyesha mtu mwenye siha. Lakini ubongo nao umeona kwamba tangi limejaa. Hunyamazisha mapigo yake, na pituitari huacha kutoa LH na FSH. Seli za Leydig, kwa kukosa amri, huacha kazi. Testosteroni ya ndani ya korodani huporomoka hata kama ya kwenye damu imefurika. Seli za Sertoli hubaki bila msaada, mbegu changa hufa kabla ya kukomaa, na korodani zenyewe husinyaa.

Jambo hili si nadharia tu. WHO ililijaribu kwa binadamu, na matokeo yakachapishwa mnamo 1990. Wanaume 271 wenye afya njema katika nchi saba walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Wanaume 157 kati yao waliishiwa na mbegu kabisa na kuendelea hadi hatua ya pili, ambapo walitegemea sindano hiyo pekee kuzuia mimba kwa muda wa mwaka mmoja. Katika kundi hilo zima, mimba iliyopatikana ilikuwa moja tu. Kwa lugha nyepesi, testosteroni iligeuka kuwa dawa ya kupanga uzazi.

Tangu wakati huo, watafiti wamekuwa wakiitumia sifa hiyo kwa makusudi. Mnamo 2018 ulianzishwa utafiti wa jeli ambayo mwanamume huipaka mabegani kila siku. Ulidhaminiwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani kwa ushirikiano na shirika la Population Council, na Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyoshiriki, pamoja na Chile, Italia, Uswidi, Uingereza na Marekani yenyewe. Jeli hiyo huchanganya testosteroni na homoni nyingine iitwayo segesteroni. Matokeo ya awali yaliyotolewa 2024 yalionyesha kwamba asilimia 86 ya wanaume walifikia kiwango cha mbegu kilicho chini vya kutosha kuzuia mimba katika muda wa wiki 15.

Muundo wa jeli hiyo unatoa funzo linalopaswa kubandikwa katika kila ukumbi wa mazoezi. Segesteroni huwekwa ili kuunyamazisha ubongo zaidi, nayo testosteroni huwekwa ili mwanamume asipoteze ashiki, misuli wala furaha yake. Yaani, mwanamume huyo hubaki na kila dalili ya uanaume inayoonekana kwa nje, huku mbegu zikiwa zimetoweka. Tofauti yake na kijana wa kunyanyua vyuma ni kwamba yeye aliarifiwa, akapimwa kila mara na kukubali kwa hiari. Kijana wa mtaani hujidunga dozi asiyoijua, kutoka chupa asiyojua asili yake, na aghalabu huchanganya kemikali mbili au tatu kwa pamoja.

Nguvu si rutuba

Kosa linalowaponza wengi ni kuamini kwamba nguvu za kiume na uwezo wa kuzaa ni kitu kimoja. Lugha ya Kiswahili huvitenga: hanithi ni mmoja, mgumba ni mwingine. Lakini katika mazungumzo ya mitaani, vitu hivyo viwili hukorogwa, na mwanamume asiye na tatizo lolote kitandani huona kwamba kumwambia akapimwe mbegu ni kumtusi.

Ukweli ni kwamba mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno ya shahawa, pengine chini ya asilimia tano au kumi. Majimaji mengine hutoka katika tezi zilizo mbali na korodani. Kwa hiyo mwanamume asiye na mbegu hata moja hawezi kutambua hilo kwa macho wala kwa hisia. Aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mirija ya mbegu ni ushahidi tosha, maadamu maisha yake ya ndoa huendelea kama kawaida.

Mkanganyiko huu ndio unaowatajirisha wauzaji wa dawa za 'kuongeza nguvu'. Mizizi ya mukombero, inayotafunwa tangu jadi magharibi mwa Kenya, huuzwa sasa katika miji yote pamoja na unga, vidonge na vinywaji vya kila aina. Mtu kutafuna mzizi kwa ajili ya uchangamfu ni jambo moja. Kumwahidi mwanamume asiye na mbegu kwamba mzizi huo utampa mtoto ni jambo jingine kabisa. Baya zaidi, mamlaka za dawa katika mataifa mbalimbali zimewahi kukuta bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimetiwa kemikali za hospitalini kwa siri.

Wapo pia wanaume wanaoandikiwa testosteroni na daktari kwa nia njema kwa sababu ya uchovu au upungufu wa ashiki, bila kuulizwa kama bado wanatarajia watoto. Mwongozo uliotolewa 2020 na vyama vya madaktari wa mfumo wa mkojo na wa tiba ya uzazi nchini Marekani hauachi nafasi ya shaka: mwanamume anayetaka kuzaa sasa au siku za usoni asipewe testosteroni peke yake. Swali hilo moja, likiulizwa kabla ya sindano ya kwanza, lingeokoa ndoa nyingi.

Homoni zinavyofichua chanzo

Itakuwa makosa kudhani kwamba kila mgumba amejidunga kitu. Sababu ni nyingi, na nyingi kati yake hazihusiani na homoni. Mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani huwapata wanaume wengi na huongeza joto. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huweza kuziba mirija. Matubwitubwi yakimpata mvulana aliyebaleghe huweza kuharibu korodani. Wapo pia wanaozaliwa na kromosomu ya ziada, hali inayompata mvulana mmoja hivi kati ya kila 600, na wengi wao hawajui hadi wanapooa.

Hata hivyo, kipimo cha homoni katika damu humsaidia daktari kujua palipoharibika. FSH ikiwa juu mno na korodani zikiwa ndogo, maana yake ni kwamba ubongo unapaza sauti lakini hakuna anayeitika. Hapo korodani zenyewe ndizo zilizoathirika, na tiba huwa ngumu. LH na FSH zikiwa chini, basi korodani huenda zi salama, ila hazijapokea amri. Kundi hili la pili ni dogo, lakini ndilo lenye matumaini makubwa zaidi ya kutibiwa.

Miongoni mwa kundi hilo wamo waliozaliwa bila seli za kutoa GnRH, na baadhi yao hujulikana kwa kutoweza kunusa harufu. Wamo wenye uvimbe mdogo katika pituitari unaotoa prolaktini kwa wingi, homoni ambayo kazi yake maarufu ni kuwezesha maziwa ya mama. Uvimbe huo mara nyingi hutibiwa kwa vidonge bila upasuaji. Wamo pia watumiaji wa heroini na dawa nyinginezo za jamii ya afyuni, kwa kuwa dawa hizo huzima mapigo ya haipothalamasi.

Unene wa kupindukia nao umo katika orodha. Mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Estrojeni hiyo huuarifu ubongo kwamba homoni zimetosha, na mapigo hupungua. Kwa hiyo kitambi, ambacho katika fikra za wengi ni alama ya ustawi, huweza kuwa kinapunguza rutuba ya mwenyewe polepole.

Kwa wanaokosa amri kutoka ubongoni, madaktari hutumia homoni ya hCG, ambayo mwili wa mwanamke mjamzito huitoa kwa wingi na ambayo korodani huipokea kana kwamba ni LH. Ikibidi, FSH huongezwa. Tiba hiyo huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, lakini imewafanya kuwa baba wanaume ambao hawakuwahi kuwa na mbegu tangu kubaleghe.

Je, wapo wanaoweza kurudi?

Kwa wale waliotumia testosteroni, habari si mbaya zote. Uchanganuzi uliochapishwa 2006 katika jarida la The Lancet ulijumlisha tafiti 30 za wanaume waliokuwa wamezimwa mbegu kwa homoni kama njia ya kupanga uzazi. Baada ya kuacha, asilimia 67 walirejea kiwango cha mbegu milioni 20 kwa mililita katika miezi sita. Asilimia 90 walifika hapo katika mwaka mmoja, na wote walitarajiwa kufika katika miaka miwili.

Takwimu hizo zisitumiwe kama kibali. Wanaume hao walikuwa na afya njema, walipimwa kabla ya kuanza, na dozi zao zilijulikana. Anayetumia dozi kubwa zaidi kwa miaka mingi, pamoja na kemikali nyinginezo, huweza kungoja muda mrefu zaidi, na wapo ambao huhitaji tiba ili mwili ukumbuke kazi yake. Isitoshe, kuacha ghafla kuna machungu yake. Kwa miezi kadha, ubongo ungali kimya na sindano imeondolewa, hivyo mwanamume hubaki bila homoni ya kutosha. Uchovu, huzuni na upungufu wa ashiki humrudisha wengine kwenye sindano. Ndiyo sababu kuacha kunahitaji usimamizi wa daktari, wala si ushujaa wa mtu peke yake. Wala si siku zote mke ana miaka miwili ya kungoja, hasa akiwa amekaribia au kupita umri wa miaka 40.

Pengo la sera

Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Dawa za Kusisimua Misuli ya 2016, iliyotungwa taifa lilipokuwa likikodolewa macho na mashirika ya riadha ya kimataifa. Testosteroni na nandroloni ni miongoni mwa kemikali zilizowafanya wanariadha wa Kenya kupigwa marufuku. Lakini sheria hiyo inalinda uadilifu wa mashindano. Anayejidunga ili avimbe misuli ya kujionyesha ufuoni, asiyeshiriki mbio zozote, hapimwi na yeyote. Kwake yeye kinga iliyopo ni sharti la agizo la daktari, na sharti hilo lina nguvu pale tu mwenye duka la dawa anapoliheshimu na Bodi ya Famasia na Sumu inapofuatilia.

Upande wa tiba, watoto wa kwanza waliotungwa nje ya tumbo la mama nchini Kenya walizaliwa 2006 jijini Nairobi. Mbunge wa Suba Kaskazini, Millie Odhiambo, amepigania kwa miaka mingi sheria ya kusimamia teknolojia ya usaidizi wa uzazi, ukiwemo mswada wa 2022. Mjadala umevutwa zaidi na masuala ya wanawake wanaobebea wengine mimba na haki za watoto wanaozaliwa hivyo. Ni masuala mazito, lakini tiba hizo hugharimu pesa ambazo familia nyingi hazina. Ipo hatua iliyo rahisi kuliko hiyo, nayo haihitaji mswada: mume apimwe.

Kipimo cha shahawa huhitaji hadubini, chombo kisafi na mtaalamu wa maabara aliyefunzwa. Mwanamume hutakiwa kujizuia kwa siku mbili hadi saba, sampuli ichunguzwe mapema, yafaa ndani ya saa moja, na matokeo yasiyo mazuri yarudiwe kabla ya uamuzi kutolewa. Hakuna kisu wala maumivu. Ilhali mwanamke anayechunguzwa hupitia picha za mirija, sindano na pengine upasuaji. Kumtanguliza yeye katika machungu hayo kabla ya mumewe kutoa sampuli moja si haki, na si busara ya kifedha pia.

Zahanati na hospitali za kaunti zingeweza kuifanya kuwa kanuni kwamba wenzi wanaolalamikia kukosa mtoto huonwa pamoja tangu siku ya kwanza. Wahudumu wangeongeza maswali mawili katika fomu ya mwanamume: je, ametumia testosteroni au dawa ya kutunisha misuli, na lini? Wasimamizi wa kumbi za mazoezi, ambao vijana huwasikiliza kuliko madaktari, nao wangefaa kuelezwa habari za boya na tangi ili wazifikishe kwa wanafunzi wao. Nao wazee, mashehe na wachungaji wanaosuluhisha ndoa zinazovunjika kwa sababu hii wangeanza kwa kumwuliza mume karatasi ya maabara, kabla ya kumwuliza mke dhambi zake.

Hakuna aibu katika kiungo kilichokosa amri, sawa na vile hakuna aibu katika kongosho lililokosa insulini. Aibu imo katika kumwacha mwenzi abebe lawama ya jambo ambalo kipimo cha siku moja kingelibainisha. Wahenga walipotuachia methali kwamba mficha uchi hazai, walikuwa wakizungumzia mengi kwa wakati mmoja. Kwa mwanamume Mkenya wa leo, iwe amejidunga au hajajidunga, maana yake ya kwanza ni nyepesi: aandamane na mkewe hadi maabara, na amweleze daktari kila alichotia mwilini.